Theta Tauri: umri mmoja, uzee mbalimbali

JUMA: Karibuni tena, wapenzi wa anga. Leo naanza kwa kukiri kosa. Majuzi nimekaa nje usiku, natazama pale karibu na Dabarani, nikaona nyota moja imekuwa mbili. Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati, nikavaa. Bado mbili.

REHEMA: Ukaanza kumlaumu fundi wa miwani.

JUMA: Tena kwa maneno makali! Halafu nikajaribu nyota ya jirani: moja. Nyingine: moja. Ni ile tu.

REHEMA: Basi mwombe radhi, miwani yako nzima. Ulichokiona ni Theta Tauri, na ni mbili kwelikweli. Kwa wanaotaka kuitafuta: fuata mstari wa zile nyota tatu za mkanda wa Jabari kuelekea kaskazini-magharibi, utafika kwa Dabarani, nyota angavu yenye wekundu. Imekaa kwenye ncha ya herufi V inayochorwa na nyota. Shuka kwenye mkono huohuo wa V, ukielekea konani. Katikati ya njia utakutana na hizo mbili. Ukifika Kilimia, umepitiliza.

JUMA: Ila hazijaachana sana. Mke wangu alizitenganisha mara moja, mimi nilihitaji kukaza macho.

REHEMA: Ugawe upana wa mwezi mpevu vipande vitano au sita, nafasi kati yao ni kama kipande kimoja. Jicho zima linaweza, lakini anga iwe safi. Ile angavu zaidi ni Theta 2, yenye ukadiri, yaani kipimo cha mwangaza, wa 3.4. Mwenzake, Theta 1, ni 3.8. Katika hesabu hii, namba ikipanda mwangaza unashuka, kwa hiyo Theta 2 inaishinda jirani yake kama mara moja na nusu.

JUMA: Na rangi je? Mimi niliona zote nyeupe.

REHEMA: Macho hayajui rangi vizuri gizani. Chukua darubini ya macho mawili, ile ya kawaida tu, kisha uiharibu kidogo.

JUMA: Niiharibu?

REHEMA: Zungusha kile kigurudumu cha kulenga mpaka nyota zivimbe ziwe visahani. Mwanga ukitandazwa hivyo rangi inajitokeza. Kisahani kimoja utakiona cheupe, kingine kina umanjano wa kuelekea chungwa. Theta 2 ndiyo nyeupe, joto la uso wake ni karibu Kelvini 8,000. Theta 1 ina kama 5,000, chini hata ya Jua letu lenye karibu 5,800.

JUMA: Hapo nakukatiza, dada. Theta 1 ni baridi kuliko Jua, lakini iko mbali kiasi gani?

REHEMA: Kama miaka ya nuru 150, yaani mwanga wake husafiri miaka 150 kutufikia, na Theta 2 vilevile.

JUMA: Mbali hivyo, na baridi, na bado naiona kwa macho?

REHEMA: Kwa sababu ni jitu. Upana wake unazidi wa Jua mara kumi na kitu. Kila kipande cha uso wake kinatoa mwanga mdogo, lakini uso wenyewe ni mkubwa mno, hivyo kwa jumla inang'aa zaidi ya mara 50 kuliko Jua. Theta 2 inafika kama mara 80.

JUMA: Kwa hiyo tuna mzee mnene na kijana mweupe. Zimekutanaje?

REHEMA: Hapa ndipo ninapopapenda. Hakuna kijana. Zote mbili ni za kishada cha Hyades, kundi la nyota linalochora ile V, zimezaliwa katika wingu moja la gesi, kama miaka milioni 600 na ushei iliyopita. Zina umri mmoja.

JUMA: Pacha, halafu mmoja keshazeeka?

REHEMA: Pacha siwaiti, ni ndugu wa uzao mmoja. Nyota haizeeki kwa miaka tu, huzeeka kwa uzito. Nyota nzito ina mafuta mengi, lakini huyateketeza kwa pupa kuliko wingi wake. Ukiongeza uzito mara mbili, mwanga hupanda kama mara kumi. Sasa gawanya mwenyewe uone yatadumu muda gani.

JUMA: Kama sehemu moja ya tano.

REHEMA: Naam. Theta 1 ilizaliwa nzito kidogo tu zaidi. Hidrojeni ya kiini, ndiyo mafuta yenyewe, ikaisha, matabaka ya nje yakavimba na kupoa, sasa inachoma heli. Theta 2 iko hatua moja nyuma, imeshaanza kufuata njia hiyohiyo. Kwenye V hiyo kuna majitu mengine matatu ya aina ya Theta 1: Gamma, Delta na Epsilon.

JUMA: Na Dabarani, jitu la tano?

REHEMA: Dabarani ni mpita njia. Iko umbali usiofika nusu ya huo, imesimama tu mbele ya kishada. Inawadanganya wengi.

JUMA: Je, Theta 1 na 2 zinazungukana?

REHEMA: Sidhani ni sawa kuziita jozi ya namna hiyo. Hata kama ziko umbali uleule kabisa kutoka kwetu, kati yao kuna angalau robo ya mwaka wa nuru. Ni majirani wa kishada kimoja. Jozi zenyewe zimo ndani: Theta 2 ina mwenzi anayeizunguka kwa siku 140 na ushei, na Theta 1 ina wake, mzunguko wao ni miaka kama 16.

JUMA: Kwa hiyo nimefuta miwani kwa sababu ya mbili, kumbe ni nne!

REHEMA: Nne, na hao wenzi huwaoni kwa jicho hata ukazie vipi. Lakini Mwezi hupita mara nyingine juu ya kishada hiki. Ukingo wake ukiifikia nyota, nyota huzimika papo hapo, kwa kuwa Mwezi hauna hewa ya kuififisha taratibu. Ikiwa ni jozi, mwanga huanguka kwa ngazi mbili, sehemu ndogo ya sekunde kati yake. Vipimaji vya haraka huikamata hiyo ngazi.

JUMA: Nami nikikodoa macho?

REHEMA: Utaona imezimika tu. Hapo usimlaumu fundi.