Wanaume Watatu wa Shaba wa Kenyatta Avenue

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie majengo na sanamu za Kenyatta Avenue hapa Nairobi. Ningeweza kuanzia Uhuru Highway nikateremka nanyi jengo kwa jengo, lakini leo kuna mahali ninapotaka tukae: mbele ya wale wanaume watatu wa shaba ambao wengi wetu huwapita mbio tukiwahi matatu.

Waliundwa na mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson, wakasimamishwa mwaka 1928. Enzi za ukoloni barabara hii iliitwa Delamere Avenue, kwa jina la mlowezi Mwingereza Lord Delamere, nayo ilikuwa pana vile ili mkokoteni wa jozi nyingi za ng'ombe uweze kugeuka. Ni ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wa hao watatu si mpiganaji. Ni mpagazi.

Siku moja msogelee, msome maandishi ya chini. Yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Wapagazi wanaitwa humo miguu na mikono ya jeshi. Kisha msomaji anaahidiwa kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimesoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara macho yangu hutafuta jina. Hakuna hata moja. Rekodi za serikali ya kikoloni zenyewe zilikiri kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Naona uchungu kusema hivi mbele ya watu ambao huenda babu zao wamo katika hesabu hiyo.

Sasa tembeeni kidogo tu, barabara ile ile, hadi pembeni mwa Koinange Street. Pana mnara wa mawe wa mwaka 1939, umeandikwa umbali wa kwenda miji mbalimbali. Ni wa Galton-Fenzi, aliyeendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926. Safari ile ilikuwa ngumu kweli, simnyimi haki yake. Ila yeye jina lake lipo. Waliobeba masanduku ya risasi vichwani, wakavuka mito na vinamasi vya Tanganyika kwa miguu, hawana.

Mkipandisha zaidi mtafika Kipande House, kwenye kona ya Loita Street. Lilijengwa mwaka 1913, likiwa ghala la reli, na kwa miaka mingi majengo machache sana mjini yalilizidi urefu. Leo ni benki. Mimi nalipenda jengo lile kwa mawe yake na ule mnara wake, na jina lake linaniumiza. Hapo ndipo wanaume Waafrika walipoandikishwa kupewa kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wenyewe walikifananisha na kengele ya mbuzi. Sheria hiyo ilianza kutekelezwa vita vilipokwisha tu. Kwa hiyo mpagazi aliyerudi hai alivalishwa bati shingoni kwanza. Shaba ikaja miaka kadhaa baadaye.

Delamere naye alikuwa na sanamu yake hapa. Iliondolewa nchi ilipopata uhuru. Na tangu Februari 2007 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, amesimama kwenye mtaa wenye jina lake, hatua chache kutoka hapa, kazi ya Kevin Oduor, bunduki mkononi. Yeye tunamjua kwa jina.

Ombi langu kwa wanaosimamia jiji hili ni dogo: orodha za wapagazi zilizosalia zitolewe makabatini, na majina yatakayopatikana yachongwe pale chini ya wale watatu. Kwa sasa linalotajwa ni jina lao la pamoja tu. Kambi yao, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, iligeuka kuwa mtaa wa Kariokor, na kila asubuhi utamsikia makanga mlangoni mwa matatu akiita: "Kariokor! Kariokor!"