Hasi Imetoka Wapi?

Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Tangu asubuhi nasikia kuwa kifurushi hiki ni cha watoto: taa mbili ndogo za LED, transista mbili (swichi za umeme), kapasita mbili (vitunza chaji), rezista nne (vipunguza umeme), betri ya volti 9. Ukishatia lehemu, taa zinapokezana, hii ikizimika ile inawaka. Haya, nani anazipa zamu? Humu ndani hakuna saa wala kompyuta.

Mliokulia huku Ngamiani mmewaona kina mama wawili wakitwanga kinu kimoja: mchi huu ukishuka, ule uko juu. Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, waliieleza sakiti ya namna hii mwaka 1919, tena kwa vali, zile chupa za kioo zilizofanya kazi ya transista, maana transista ilikuwa bado kuzaliwa mpaka 1947.

Sasa shikeni hapa. Transista ya kushoto ikifunguka na kupitisha umeme, taa yake inawaka na kolekta yake, mguu wa upande wa taa, inaporomoka kutoka volti 7 hivi hadi karibu na sifuri. Hapo imefungwa kapasita, na mguu wa pili wa kapasita uko kwenye besi, mguu wa kuamrisha, ya transista ya kulia. Kapasita haibadilishi volti zake ghafla; upande mmoja ukivutwa chini, wa pili unafuata. Besi iliyokuwa kwenye volti 0.6 inazama mpaka hasi 6! Na sifuri yetu ni ncha hasi ya betri. Chini ya hapo betri haina kitu. Mimi siku ya kwanza nilidhani mita ya volti imekufa, nikaigongagonga mezani.

Transista iliyozama hivyo imelala. Rezista ya kilo-omu 47 inaipandisha besi kidogo kidogo, kama mtungi chini ya bomba la matone, na ikifika 0.6 inaamka na kumzamisha mwenzake. Rezista mara kapasita mara 0.7, huo ndio usingizi wake: kwa kapasita ya mikrofaradi 10, kama theluthi ya sekunde.

Ila rangi za rezista, jamani! Omu 470 ni njano, zambarau, kahawia. Kilo-omu 47 ni njano, zambarau, chungwa. Umeme umekatika, namulika kwa simu, nikaziweka hii mahali pa ile. Taa zote mbili zikawaka kwa kufifia, pamoja, zimetulia tuli. Besi zote zinalishwa kupita kiasi, nani alale? Nikaenda kununua transista mpya, kumbe zile za kwanza nzima.

Kwa mikrofaradi 10 mita haiwahi kusoma, kwa hiyo hapa nimeweka 100. Usingizi ni sekunde tatu hivi. Wewe mwenye fulana ya bluu, njoo. Waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye mguu wa kati wa transista, ndio besi. Tusomee kwa sauti, na wa nyuma wasikie.