Sitaha ya Mtiki na Sitaha ya PVC

Mafundi na wenye boti, karibuni. Injini tuiache kwa leo, tuzungumzie pale mnapokanyaga.

Swali la kila siku ni sitaha ipi ina kazi kidogo kuitunza: mtiki, ambao wazee wa pwani waliuita msaji, au PVC, plastiki inayouiga. Uzito usiwasumbue. Mtiki wa milimita 10 ni takriban kilo 6 na nusu kwa mita ya mraba, na PVC ya milimita 5 inacheza hapohapo.

Mtiki hauuawi na jua, unauawa na brashi. Ukiachwa hugeuka kijivu, na kijivu hicho si uchafu. Lakini mwenyewe anataka rangi ya dhahabu, basi kijana anapewa brashi ngumu, au mbaya zaidi, mashine ya presha. Pitisheni kidole kwenye kipande hiki. Mnaona? Nyuzi ngumu zimebaki matuta, laini zimekwenda na maji. Sasa itabidi kupiga msasa, na milimita imeondoka. Ikirudiwa, vizibo vya mbao vinavyofunika skrubu vinang'oka, maji yanashuka na skrubu hadi kwenye plaiwudi ya chini. Gongeni kwa mpini wa nyundo. Sauti ikiwa butu, pameoza. Kwa hiyo osheni kwa maji ya bahari na brashi laini, mkikatiza nyuzi, si kuzifuata. Kupaka mafuta? Mnalisha kuvu.

Kazi kubwa ni kalafati, ile raba nyeusi kati ya mbao. Kateni ya zamani kwa kisu, piga msasa kuta za mfereji, futeni kwa asetoni maana mtiki una mafuta yake. Kabla ya kujaza, laza utepe kwenye sakafu ya mfereji, raba isiishike. Wengi huuruka. Mbao hutanuka na kusinyaa. Raba iliyoshika kuta mbili huvutika, iliyoshika na sakafu pia huchanika. Jazeni kuanzia chini, ipite kiasi juu, na isikanyagwe wala kusawazishwa mpaka ikomae.

PVC haina kalafati. Ugonjwa wake ni gundi: hewa ikibaki chini, jua huivimbisha. Faiba ya boti inayobandikiwa isuguliwe na ikauke, gundi isambazwe kwa mwiko wa meno, kisha mifuko ya mchanga ilale juu usiku kucha. Kwa boti ya watalii wanaotembea peku, chagueni kijivu hafifu. Kahawia iliyokolea haikanyagiki saa sita mchana. Doa sugu litoke kwa msasa namba 60, kufuata mistari. Asetoni ya kwenye mtiki hapa msiilete, inalainisha PVC.