Prius inachemsha leo, kesho haichemshi: jinsi ya kumnasa mwizi wa maji

Hamjambo. Gari lililo mbele yangu ni Toyota Prius ya kizazi cha tatu, haibridi yenye injini ya petroli ya lita 1.8 na mota ya umeme, zile zilizoanza kuuzwa 2009. Mwenye gari analalamika kwamba taa nyekundu ya joto huwaka akipanda mlima, halafu akipumzika kidogo inazima, na akifika gereji gari ni zima. Themostati, yaani vali inayofungua maji injini ikipata joto, imeshabadilishwa na ugonjwa uko palepale.

Injini hii haina mkanda hata mmoja. Pampu ya maji ni ya umeme, na kompyuta ndiyo inayoipangia kasi. Tena injini ikiona haihitajiki inajizima, inapoa, na ushahidi unapotea kabla fundi hajafungua boneti. Dashibodi nayo haina mshale wa joto, ipo taa tu.

Kwa hiyo tuanze na mashine ya kupimia gari. Chomeka chini ya usukani, soma kodi, yaani namba za hitilafu, na tafadhali usizifute! Fungua kumbukumbu iliyohifadhiwa kodi ilipoingia: joto la injini lilikuwa ngapi, gari lilikuwa kwenye mwendo gani. Ukikuta P261B au P148F, macho yote kwenye pampu ya injini. Ukikuta P0A93, hiyo ni habari ya inveta, kile kifaa kinachobadili umeme wa betri kubwa ili uendeshe mota, ambayo ina tanki lake la maji na pampu yake. Washa gari hadi dashibodi iandike READY, chungulia tanki la inveta: maji yanatakiwa yawe yanachezacheza. Yakiwa yametulia tuli, kagua fyuzi na pampu yake. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa, usiziguse.

Injini ikiwa baridi, na baridi kabisa, angalia kulanti, yaani maji ya kupozea, kwenye tanki la injini. Imepungua na chini hakuna tone? Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa tuizuie injini isijizime. Bila kukanyaga breki, bonyeza Power mara mbili. Gia ikiwa P, kanyaga mafuta hadi mwisho mara mbili. Weka N, kanyaga mara mbili. Rudisha P, mara mbili tena. Halafu kanyaga breki, bonyeza Power. Yote haya ndani ya sekunde 60. Ikiandika MAINTENANCE MODE, umefaulu. Usiliendeshe gari likiwa hivi.

Weka hita kwenye joto la mwisho, tazama mashine. Joto la kawaida hucheza kati ya nyuzi 85 na 95 za Selsiasi. Likiwa limepanda huku hita inapuliza baridi, maji hayazunguki: ama kuna hewa ndani, ama pampu imegoma. Linganisha kasi ambayo kompyuta inaiagiza na ile inayozunguka kweli. Zima gari, chomoa plagi ya pampu, tafuta kutu au pini iliyolegea. Tatizo la kuja na kuondoka mara nyingi huwa hapo. Feni ni rahisi: washa AC, zizunguke.

Turudi kwenye maji yanayopotea bila kuvuja. Kama asubuhi injini inatetemeka inapowaka, kisha inatulia, mimi naishuku gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda. Injini hizi zinajulikana kwa hilo, hasa kipoza cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, kikiziba kwa masizi. Pima kwa dawa ya bluu ya kutambua gesi ya moshi, kwenye mdomo wa maji: ikigeuka njano, gesi ya moshi inapita. Au jaza presha kwenye mfumo wa maji hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wake, acha usiku kucha, kisha toa plagi za moto na uchungulie silinda kwa kamera ndogo kama kuna maji.

Baada ya matengenezo jaza kulanti ya Toyota ya pinki, toa hewa yote, kisha peleka gari kwenye mlima uleule mashine ikiwa imechomekwa na msaidizi akisoma namba. Joto likipita 105, paki, zima, na mfuniko usiuguse hadi injini ipoe.