JOIN Si Gundi

Naam, ni lile lile tena, walionisikia mnivumilie. Ukimwambia mwanafunzi kwamba JOIN, ile amri ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ni "kuunganisha", anawaza majedwali mawili yaliyobandikwa ubavu kwa ubavu. Kisha anashangaa mistari mitatu kwa mitatu imetoa mitano. Semeni kuoanisha!

Twende kwa Edgar Codd, aliyebuni hifadhidata za majedwali ya namna hii, IBM, San Jose, 1970. Makala yake ina jedwali la msambazaji na kipuri: 1-1, 2-1, 2-2. La pili ni la kipuri na mradi: 1-1, 1-2, 2-1. Shikeni kalamu, oanisheni kwa kipuri. Kipuri 1 kina wasambazaji wawili na miradi miwili: mbili mara mbili, nne. Kipuri 2 kinaongeza mmoja. Mitano. Hiyo aliiita join ya asili. Lakini palepale akaonyesha nyingine yenye mistari mitatu tu, msambazaji-kipuri-mradi: 1-1-2, 2-1-1, 2-2-1. Nayo ni join halali, kwani ukiitenganisha tena, msambazaji na kipuri huku, kipuri na mradi kule, unayapata majedwali yote mawili kamili, hakuna kilichopungua. Kwake ya asili ilikuwa moja kati ya kadhaa! Majedwali yenyewe hayasemi nani alipeleka kipuri 1 mradi upi. Sasa wewe jumlisha malipo ya wasambazaji juu ya ile mitano: 1-1 imeingia mara mbili, 2-1 mara mbili, na kompyuta wala haikohoi.

Mtu atasema hayo ni ya wanahisabati, yeye anaandika SQL tu. Haya, CROSS JOIN yako, kila mstari wa huku na kila mstari wa kule, ni zao la Descartes, yule mwanahisabati Mfaransa. Humkwepi.

LEFT ya LEFT JOIN nayo haina siri: ni jedwali lililoandikwa kushoto kwa neno JOIN, basi. Maandishi hayo yaliingia kwenye kiwango cha SQL cha 1992; kabla yake hifadhidata ya Oracle ilikuwa na alama yake ya (+). Ukiandika FROM wateja LEFT JOIN oda, mteja asiye na oda anabaki, safu za oda zinajazwa NULL, yaani hakuna thamani. Halafu unaongeza kichujio, WHERE oda.hali = 'imelipwa'. NULL haipiti sharti hilo, mteja anatoka, LEFT yako imekuwa INNER, ile inayobakisha waliooana tu, kimyakimya. Sharti hilo lipeleke kwenye ON, panapoandikwa masharti ya kuoanisha.

Neno OUTER ni la hiari: LEFT JOIN na LEFT OUTER JOIN ni kitu kimoja. Join za aina nyingine, theta na semijoin, tuziache, naona mwenye ukumbi keshashika funguo.