Tetra wa Kongo ndani ya Nakuru: anza na maji

Karibuni. Leo tunaandaa tangi la tetra wa Kongo, samaki wa bonde la Mto Kongo. Dume hufika sentimita 8 hivi, jike 6. Tangi hili lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kina 45, yaani kama lita 240. Weka madume 3 na majike 5. Wakiwa wawili watatu hujibanza konani na rangi yao hufifia.

Kazi kubwa ni maji. Visima vingi vya Nakuru vina magadi na floraidi, na pH yake (kipimo cha asidi ya maji; chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) huweza kupita 8, ilhali tetra huyu anataka 6 hadi 7.5. Changanya nusu maji ya kisima, nusu ya mvua, kisha pima. pH ikiwa bado juu, ongeza ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, kwani huosha mavi ya ndege kwenye mabati. Lakini usijaze maji ya mvua matupu: hayana madini ya kuishikilia pH, nayo huporomoka ghafla. Ninyi wa Kisumu wenye maji ya mfereji, tieni kwanza dawa ya kuondoa klorini.

Washa filta, na hita ya wati 300 uiweke nyuzi 25. Usiku wa Nakuru ni baridi. Kisumu hita yenyewe haina kazi nyingi.

Sasa subiri. Tia chembe chache za chakula kila siku kwa wiki 4 hadi 6, bakteria wa kula amonia, sumu itokayo kwenye chakula kinachooza na kinyesi cha samaki, waote kwenye filta. Hapa ndipo wengi huharakisha, amonia ikawamalizia samaki, na pH ikiwa juu sumu hiyo huwa kali zaidi. Nenda dukani kununua samaki siku amonia na nitriti (sumu nyingine, ambayo bakteria huitoa wakila amonia) zote zinaposoma sifuri kwenye kipimo.

Mfuko wa samaki uelee tangini dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika 5 kwa saa moja. Hamisha samaki kwa wavu. Maji ya mfuko mwaga nje. Funika tangi mara moja, hawa huruka!

Walishe mara mbili kwa siku, chakula kiishe ndani ya dakika 2. Omena ya kusaga inafaa, ila chekecha mchanga. Mapezi ya dume yakichanika, wachunguze kwanza samaki wenzake wadonoaji kabla ya kukimbilia dawa. Kila wiki badilisha robo ya maji, kwa mchanganyiko uleule na joto lilelile.