Wiki Moja Kabla ya Opsheni: Jinsi ya Kuandaa Ulinzi Wako

Habari zenu wadau wa futiboli ya Kimarekani, karibuni. Leo tunakaa upande wa ulinzi. Chukulia wewe ni kocha wa timu ya chuo kikuu huko Marekani. Kila Jumamosi unacheza na timu zinazorusha pasi uwanja mzima, vijana wako wamezoea hivyo. Sasa unaangalia ratiba, unakuta wiki hii ni zamu ya Army, au Navy, au Air Force. Hawa ni wa vyuo vya kijeshi, na kwa miaka mingi chakula chao kimekuwa opsheni, yaani mashambulizi ya kukimbia ambamo mwenye mpira anaamua nani aubebe baada ya kuona mlinzi anafanya nini. Una siku chache tu za mazoezi. Unaanzia wapi?

Tuanze ubaoni. Hawa ni wapinzani wako wanaoshambulia. Mbele kuna laini ya wazuiaji watano. Kwotabeki, kiongozi wa mashambulizi, amesimama mgongoni kwa senta, yule wa katikati anayeutoa mpira. Nyuma yake, yadi nne au tano hivi, yuko fulbeki, mkimbiaji wa katikati, ameinama na mkono mmoja uko chini. Kwenye kila ubavu wa laini, nyuma kidogo, kuna slotibeki mmoja, mkimbiaji wa pembeni. Halafu kuna wapokeaji wawili, mmoja kila upande. Mpangilio huu unaitwa fleksiboni, na kocha aliyeutambulisha sana kwa mashabiki ni Paul Johnson, kwanza Georgia Southern, baadaye Navy, kisha Georgia Tech kuanzia 2008 mpaka 2018.

Sasa tazama polepole. Kabla mpira haujatoka, slotibeki wa kushoto anaanza kukimbia akipita nyuma ya fulbeki. Mpira unatoka. Kwotabeki anageuka, anaupachika mpira tumboni mwa fulbeki, lakini hajauachia bado. Naisimamisha picha hapa. Angalia macho yake: hamtazami fulbeki, anamtazama endi wako, mlinzi wa mwisho kwenye laini yako ya ulinzi. Na huyo endi, ukiangalia vizuri, hakuna aliyemgusa. Wamemwacha makusudi. Akikimbilia ndani kwa fulbeki, kwotabeki anachomoa mpira na kutoka nao nje. Akibaki nje, fulbeki anaondoka na mpira katikati.

Tuseme ameuchomoa. Hatua mbili mbele anakutana na mlinzi wa pili aliyeachwa huru, mara nyingi lainibeka wa nje, mlinzi wa safu ya pili. Huyu naye akimvamia, mpira unatupwa pembeni kwa slotibeki anayekuja sambamba. Akimfuata slotibeki, kwotabeki anakata ndani na kukimbia mwenyewe. Mliocheza soka mnaijua hali hii: washambuliaji wawili wanakuja, beki yuko peke yake, na mwenye mpira anasubiri tu beki aamue.

Hesabu ya opsheni iko hapo. Walinzi wako wawili wameondolewa mchezoni bila kuzuiwa na mtu, kwa hiyo wapinzani wanabaki na wazuiaji wa ziada wa kwenda kumshughulikia lainibeka wako wa kati na sefti, mlinzi wa nyuma kabisa. Ndiyo maana vijana wembamba wa jeshini wanaweza kuisukuma timu yenye miili mikubwa kuliko yao. Hata nje ya vyuo vya kijeshi ni hivyo: Alabama ya 2011, iliyomaliza msimu ikiwa bingwa wa taifa na ulinzi wa kutisha, iliifunga Georgia Southern 45-21, lakini iliruhusu yadi 302 za kukimbia. Na miaka miwili baadaye Georgia Southern hiyohiyo ilikwenda Florida ikashinda 26-20 bila kukamilisha pasi hata moja. Hata moja!

Haya, hatua ya kwanza: gawa watu. Kila mpira unapotoka, lazima awepo mtu wa fulbeki, mtu wa kwotabeki, na mtu wa slotibeki anayesubiri kutupiwa. Kushoto watatu, kulia watatu. Mgawo wa kawaida ni endi kwa fulbeki, lainibeka wa nje kwa kwotabeki, na sefti kwa slotibeki. Andika kwenye karatasi, kisha muulize kila mchezaji mmoja mmoja: wewe ni wa nani? Akianza na "inategemea", bado hajawa tayari.

Sehemu ngumu si kuelewa mgawo, bali kuufuata. Mtu wa fulbeki anamwangusha fulbeki awe na mpira au asiwe nao. Kila mara. Kijana mwenye kipaji ndiye anayesumbua hapa, kwa sababu maisha yake yote amesifiwa kwa kuufuata mpira popote ulipo. Wiki hii kipaji hicho ni hatari. Mara tano fulbeki hana kitu, mlinzi anachoka kumgonga mtu mikono mitupu, mara ya sita anachungulia nje kidogo tu, na hapo ndipo fulbeki anapita katikati na mpira.

Kwa hiyo hatua ya pili, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote: toa mpira mazoezini. Simaanishi punguza, namaanisha weka kwenye begi kabisa. Kikosi chako cha mazoezi kinacheza opsheni bila mpira. Kwotabeki wa kuigiza anafanya mikono kama anaukabidhi, fulbeki anaukumbatia upepo, slotibeki anakimbia pembeni. Walinzi wako hawana cha kuchungulia, kwa hiyo kila mmoja anabaki kwenda kwa mtu wake. Baada ya kila zoezi piga filimbi, wote wasimame walipo, uhesabu: nani yuko kwa fulbeki? Nani kwa kwotabeki? Nani kwa slotibeki? Mmoja akikosekana, mnarudia.

Faida nyingine ni kasi. Kikosi cha mazoezi hakiwezi kujifunza opsheni kwa siku nne na kuicheza kama watu wanaoifanya mwaka mzima. Kwotabeki wako wa akiba ataangusha mpira, atachelewa kuuchomoa, na ulinzi utazoea opsheni ya kobe. Ukiondoa mpira, hakuna cha kuangusha, mnakwenda mbio. Na ukiwa na mchezaji yeyote kikosini aliyecheza opsheni sekondari, hata kama sasa hivi ni mpokeaji wa benchi, mpe kazi ya kwotabeki wiki hii.

Hatua ya tatu ni miguu. Wazuiaji wa opsheni wanapiga chini, magotini. Tangu 2022 sheria za vyuo zimebana: kuzuia chini ya kiuno kunaruhusiwa tu ndani ya eneo la laini. Kule nje slotibeki hawezi tena kumfagia kona wako, mlinzi wa pembeni anayekaba wapokeaji, kama zamani, na Army wenyewe mwaka 2023 walijaribu kubadilisha mfumo, kwotabeki akawa anapokea mpira akiwa mbali na senta. Lakini ndani ya laini bado wanapiga. Fundisha hivi, tazama mikono yangu: mzuiaji anaposhuka, viganja vyote viwili vinatua kwenye helmeti na bega lake, unamsukuma chini, na wakati huohuo miguu inaruka nyuma. Macho yaanze kwake, yaende kwa mkimbiaji baadaye. Anayemtazama mkimbiaji kwanza analala chini.

Ya nne: usitoe jibu lilelile mechi nzima. Kwotabeki mzuri wa opsheni akishajua endi wako anaingia ndani kila mara, atakusoma mpaka usiku. Kwa hiyo mnabadilishana. Zamu hii endi anambeba fulbeki, na lainibeka wa ndani anateleza nje kumchukua kwotabeki, ambaye anadhani njia ni nyeupe. Zamu ijayo endi anakaa nje kumsubiri kwotabeki, lainibeka anaziba katikati. Yule wa pili naye, wa nje, si lazima amvamie kwotabeki. Anaweza kurudi kwa hatua ndogondogo za ubavu, mabega yakiwa mbele, anamchelewesha. Kila nusu sekunde kwotabeki anayosita, wenzako wanazidi kufika kutoka upande wa pili. Lakini angalizo: mbinu mbili, tatu basi. Nimeona mipango yenye mbinu nane, na wachezaji wakaingia uwanjani wakiwa wanafikiri badala ya kukimbia.

Kona na sefti, nyie nina neno lenu fupi. Mtakaa robo nzima bila kurushiwa pasi. Mtaanza kusogea mbele kusaidia kuzuia mbio, na hapo ndipo mpira unapopita juu ya vichwa vyenu. Mwaka 2009 Demaryius Thomas, mpokeaji wa Georgia Tech, alidaka pasi 46 tu, lakini zilimpa yadi 1,154, yaani zaidi ya yadi 25 kila akidaka. Sefti asome slotibeki wa upande wake: akija kukuzuia, ni mbio, panda. Akikupita kama hakuoni, usipande. Geuka naye.

Hatua ya mwisho wengi wanaisahau kwa sababu haihusu ulinzi: zungumza na kocha wako wa mashambulizi. Opsheni inakula saa. Septemba 2018 Army walikwenda Oklahoma, iliyokuwa na kwotabeki Kyler Murray, aliyeshinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huohuo. Army wakakaa na mpira zaidi ya dakika 44 kati ya 60. Oklahoma iliponea kwenye muda wa nyongeza, 28-21. Murray alikuwa benchi muda mwingi akitazama. Kwa hiyo waambie mashambulizi mapema: leo mtapata mpira mara chache, kuupoteza mmoja ni kama kuupoteza mara mbili. Na dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho, ikiwa imebaki yadi mbili, hawa jamaa hawapigi mpira mbali, wanakwenda. Ulinzi usianze kutoka uwanjani.

Mtaniuliza, je, kuwa na muda mrefu kunasaidia? Kunasaidia. Januari 2010, kwenye Orange Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, Iowa walikuwa na wiki kadhaa za kujiandaa, wakaibana Georgia Tech kwa yadi 155 tu na kushinda 24-14, Adrian Clayborn, endi wa Iowa, akiwa mchezaji bora wa mechi. Lakini Desemba 2014, kwenye Orange Bowl hiyohiyo, Mississippi State nao walikuwa na wiki zao, na Georgia Tech ikawakimbizia yadi 452 na kuwafunga 49-34. Kwa hiyo usijidanganye na kalenda.

Siku ya mechi, wakikukimbilia yadi 40 kwa mkupuo, usikimbilie kubadilisha mpango. Ita wachezaji pembeni, uliza swali lilelile la Jumatatu: nani alikuwa wa fulbeki, nani wa kwotabeki, nani wa slotibeki? Mara nyingi utaona mmoja anaangalia chini. Mrudishe kwa mtu wake, mpango uendelee.